Usiiachie Dadu Ushindi Wako: Ushauri kwa Wachezaji wa Mario Party DS

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia akilalamika kwamba kila anapocheza Mario Party DS, mchezo wa video wa kutupa dadu na kutembea ubaoni, na wadogo zake hushika mkia, na akauliza kama kuna haja ya kuendelea ilhali, kwa maneno yake, mshindi huchaguliwa na dadu. Nimeamua kumjibu hapa badala ya faraghani, kwa sababu maneno ya namna hiyo nimewahi kuambiwa mimi mwenyewe mbele ya watu, na hadi leo hayajanitoka moyoni.

Shangazi yangu anaishi Maskat, na likizo moja alikuja Tanga na wanawe watatu, kila mmoja na Nintendo DS yake, kifaa cha mkononi cha kuchezea michezo. Mimi nilikuwa na yangu, iliyonunuliwa mitumba. Kadi ya mchezo ilikuwa moja tu, ya binamu yangu mkubwa, lakini hilo halikutuzuia, kwani kadi moja inawatosha watu wanne: vifaa vingine huupokea mchezo bila waya kutoka kwenye kile chenye kadi. Sijaona ukarimu mkubwa kuliko huo katika michezo ya mkononi. Hudson Soft ya Japani ndiyo iliyoutengeneza, na Nintendo wakautoa Novemba 2007, karibu miaka tisa baada ya mfululizo wa Mario Party kuanza. Katika hadithi yake, Bowser, adui mkuu, anawaalika Mario na wenzake karamuni, kisha anawafanya wadogo mno, na ndiyo maana bustani ya Wiggler, yule kiwavi, ambayo ni mojawapo ya ubao wa kuchezea na kwa mtu mzima ni vijiua tu, kwao imegeuka msitu.

Binamu zangu walicheza kwa kelele na haraka. Mimi nilikuwa nahesabu. Dadu ya mchezo huu hutoa namba kuanzia 1 hadi 10, nawe husogea vituo kwa idadi hiyo, na hapo kweli hakuna ujuzi. Ukitua kwenye kituo cha buluu unapata sarafu 3, na ukitua kwenye chekundu unapoteza 3. Lakini kila mzunguko unapokwisha huja mchezo mdogo, na kwa kawaida mshindi wake huondoka na sarafu 10. Mwishoni mwenye nyota nyingi zaidi ndiye mshindi, na katika bustani ile nyota huuzwa sarafu 20. Kwa hiyo atakayeshinda michezo midogo miwili amekwisha kupata bei ya nyota, na anayetegemea vituo vya buluu atahitaji kutua mara saba ili aifikie. Nilipoiona hesabu hiyo, nilijua jasho langu nilimwage wapi.

Baada ya chakula cha mchana, wenzangu walipolala, niliazima kadi nikafanya mazoezi. Kuna mchezo mdogo wa kufuatisha umbo kwa kalamu kwenye kioo cha chini, na anayekaribia mstari zaidi ndiye mshindi. Niligundua kwamba mkono ukining'inia hewani mstari huyumba kwenye kila kona, lakini kifundo kikiegemea ukingo wa kifaa na vidole peke yake vikasogea, kalamu hutii. Kuna pia michezo inayotumia maikrofoni, na barazani kwetu upepo wa bahari ulikuwa ukiingia humo bila kualikwa, hivyo nikajifunza kukaa nimeupa mgongo. Kabla ya mchezo mdogo kuanza, maelezo yake huonyeshwa na nafasi ya kujaribu hutolewa. Binamu zangu waliiruka kila mara. Mimi niliomba tuitumie, nikachekwa, nikaomba tena.

Usiku wa kuamkia safari yao tulicheza bustanini na nikashinda kwa nyota moja, ile ya ziada iliyotolewa mwishoni kwa aliyefanya vizuri zaidi katika michezo midogo. Binamu yangu mkubwa alifunga kifaa chake akasema, "Dadu imekupenda tu, mdogo wangu," na watu wazima wakacheka. Siku zote zile za kuegemeza kifundo kwenye ukingo wa kifaa zikafutwa kwa sentensi moja. Najivunia ushindi ule, na nitaendelea kujivunia, kwa sababu naujua ulikotoka.

Ndiyo maana, dada yangu, sitakubali useme mshindi huchaguliwa na dadu. Mwenye kusema hivyo amekwisha kujipa ruhusa ya kutojifunza. Mtu anayetaka kushinda hufanya mazoezi ya michezo midogo, na akimaliza huyarudia, hasa ile anayoichukia, maana ndiyo inayomla sarafu. Sarafu zenyewe zitunzwe: ukiwa na 20 na nyota ipo mbali, ile zana ya mchezo inayokupa dadu tatu za kutupa kwa pamoja ina maana, lakini kuitafuta ukiwa na sarafu 8 ni kukimbilia duka ambalo huwezi kununua kitu. Fanya mazoezi. Kama kwenu mpo wawili au watatu tu, nafasi zilizobaki hujazwa na wachezaji wanaoendeshwa na mashine, nawe usiwaweke kwenye kiwango chepesi kwa ajili ya kujifariji. Wapandishe hadi wakusumbue, ukae nao mchana wadogo zako wakiwa shuleni, na jioni uwaombe wadogo zako wasiiruke ile nafasi ya kujaribu.