Kuandaa mbegu za kiume: kwa mnaoanza kazi ya maabara ya uzazi

Wadogo zangu, wengi wenu mnakuja kwenye kazi hii mkiwa mmeshazoea maabara ya kawaida: mkojo, choo, damu, foleni ndefu dirishani. Kule mashine ikizunguka kwa kasi, kazi inaisha mapema. Huku haraka hiyo iacheni mlangoni. Mbegu ya kiume ni seli hai yenye mkia, na mnatakiwa kuitoa kwenye manii ikiwa bado inaogelea.

Kwa nini itolewe? Manii yana kemikali ziitwazo prostaglandini, na zikiingizwa moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi, mfuko hujikaza na mama huumia sana. Tena humo mna mbegu zilizokufa, chembe nyeupe za damu na bakteria. Watu wakikutana kawaida, ute wa mlango wa kizazi ndio unaochuja. Daktari anayeingiza mbegu kwenye mfuko wa uzazi kwa mrija mwembamba anauruka ute huo, kwa hiyo uchujaji unabaki kwenu.

Kazi inaanzia kwa mteja. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Mate, sabuni, mafuta ya kujipaka na kondomu za dukani vyote vinadhuru mbegu, mwambieni wazi bila kuzungukazunguka. Anayetoka Urambo au Sikonge msimruhusu atolee nyumbani, kwa sababu sampuli inatakiwa mezani ndani ya saa moja, na njiani isishuke chini ya nyuzi 20. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tabora zina baridi. Hata anayetoka Isevya tu, kichupa kikae ndani ya koti, kisiachwe kupigwa upepo wa bodaboda.

Na mteja mumheshimu. Baba mtu mzima haitwi kwa sauti mbele ya korido nzima akakabidhiwa kikombe. Mpeni chumba chenye komeo, mpeni muda, na mkewe aingie naye wakitaka. Wengine wanafika kwenu baada ya mke kuhangaishwa miaka mingi akiitwa mgumba, na mume hajawahi kupimwa hata mara moja. Aibu aliyonayo siku hiyo inatosha, msimwongezee.

Manii yakishafika yaacheni yayeyuke, mara nyingi ndani ya nusu saa, kisha hesabuni na mtazame mwendo kabla ya kuchagua njia. Sampuli yenye mbegu nyingi zinazokimbia inafaa njia ya kuogelea: mililita 1 ya manii, juu yake maji ya kulea mbegu mililita 1.2 yakimiminwa taratibu, tyubu ilazwe kwa pembe ya nyuzi 45, saa nzima kwenye joto la 37. Zenye nguvu zitapanda zenyewe. Mvute mililita 1 ya juu. Sampuli dhaifu ipitisheni kwenye tabaka mbili za majimaji mazito ya kuchujia, ya asilimia 80 chini na ya 40 juu, kisha mzungushe kwa 300 hadi 400 g (yaani nguvu mara 300 hadi 400 ya mvuto wa dunia) kwa dakika 15 hadi 30, na breki ya mashine izimwe ili tabaka zisivurugike. Mbegu nzuri hukaa chini kabisa. Zihamishieni tyubu mpya, mzioshe kwa 200 g.

Hiyo g ndiyo inayowachanganya wageni, maana mashine nyingi zinaonyesha mizunguko kwa dakika. Pimeni kwa rula kutoka katikati ya mashine hadi kitako cha tyubu, kwa sentimita. Zidisheni urefu huo kwa mraba wa mizunguko, kisha kwa 1.118, mgawanye kwa 100,000. Mkono wa sentimita 16 ukizunguka 1,300 unatoa kama 300 g. Ukiupeleka 2,000 umevuka 700, na mbegu zilizobanwa pamoja na chembe nyeupe kwa nguvu hiyo huharibiwa na kemikali za oksijeni zinazozalishwa humo. Andikeni namba ya mashine yenu, mbandike ukutani.

Someni pia lebo ya maji ya kulea. Yenye baikaboneti yanahitaji inkubeta ya kabonidayoksaidi, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Yenye HEPES (kemikali nyingine ya kutuliza tindikali) hukaa kwenye inkubeta ya kawaida ya joto la 37, kifuniko kimekazwa. Wakikosea hapo watu hulaumu umeme, kumbe tindikali imebadilika. (Umeme nao una dhambi zake, sikatai.)

La majina sina mzaha nalo. Akina Juma na Ramadhani mjini hapa hawahesabiki, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Kila tyubu iwe na majina ya mume na mke pamoja na namba ya faili, mwenzako asome kwa sauti kila mnapohamisha, na mezani pawe na sampuli ya jozi moja tu ya wanandoa. Wa pili wasubiri, hata kama daktari anagonga mlango.