Paka anakula mchanga wa choo chake? Mtazame ulimi kabla hujamwita mtukutu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili maana yaliwahi kunikuta hayohayo. Unasema paka wako wa miaka minne ana wiki tatu sasa anakula mchanga wa choo chake, juzi umemfuma analamba ukuta, chakula anakula kama kawaida, na unachotaka ni mbinu ya kumwachisha. Wadau wamekushauri maganda ya limau, kumpulizia maji, mwingine kasema pilipili. Pilipili tafadhali usiiguse. Hizo nyingine nilizifanya zote, zikanipotezea wiki mbili nzima, na kumbe siku zile paka wangu alikuwa anakwisha.

Wangu alikuwa jike mweusi tii, tukamwita Kaniki. Tulimwokota mdogo, akakua, akafika miaka mitatu bila kuugua hata mafua. Usiku mmoja nikasikia kitu kinasagika bafuni, kama mtu anatafuna chumvi ya mawe. Nikawasha taa. Kaniki kasimama ndani ya beseni la choo chake, mdomo umejaa mchanga. Hakushtuka wala hakukimbia. Alinitazama, akameza, akainama tena.

Nilibadilisha aina ya mchanga. Nikahamisha beseni. Nikaweka maganda ya limau pembeni. Alipokosa raha pale akahamia kwenye kona ya ukuta iliyobanduka rangi, halafu sakafu ya saruji. Nikamkemea. Mwisho nikajiridhisha kwamba anadeka, kwa kuwa wakati ule nilikuwa natoka alfajiri na kurudi usiku. Maelezo mazuri hayo: yanakupa hatia kidogo na hayakudai ufanye lolote.

Kuna jambo nililiona nikalipita. Kaniki aliacha kupanda juu ya kabati. Alikuwa hawezi kukaa chini mgeni akiingia, lazima aruke juu akamchungulie kutoka kule, lakini sasa analala tu sakafuni, tena pembezoni. Nikasema ametulia, amekuwa mama mtu mzima. Wakuu, paka wa miaka mitatu hatulii kiasi hicho.

Aliyegundua ni dada yangu, alikuja kunitembelea. Kaniki akapiga mwayo mbele yake.

"Mbona ulimi wa huyu mweupe hivi?"

"Ndivyo alivyo siku zote."

"Siku zote tangu lini?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwa daktari wa mifugo.

Nilianza kumsimulia habari za mchanga, akaninyamazisha kwa mkono, akamfunua mdomo. Paka mweusi mara nyingi fizi zake zina mabaka meusi, ukizitazama hazikwambii kitu, hivyo akaenda kwenye ulimi na ngozi ya ndani ya kope. Vyote vilikuwa na rangi ya karatasi. Moyo ulikuwa unakwenda mbio akiwa amelala tu mezani. Akatoa damu kidogo, akaizungusha kwenye mashine, akanionyesha kile kimrija: chembe nyekundu zilikuwa asilimia 13 ya damu yote. Paka mzima huwa na kama 25 hadi 45. Nikauliza anatembeaje basi. Akasema damu ikipungua polepole paka anajizoesha: anapunguza kuruka, analala zaidi, na mwenye nyumba anaona paka mtulivu.

Sasa hapo ndipo mchanga unapoingia. Hii tabia ya kula visivyo chakula kitaalamu inaitwa pika, na haihusiani na jiko. Hata kwa binadamu upungufu wa damu unaweza kuleta hamu ya udongo au barafu. Paka mkubwa ambaye hajawahi kugusa mchanga, halafu akaanza kuula ghafla, upungufu wa damu uwe kitu cha kwanza kuondoa shaka. Usije ukafanya kosa nililolifanya mimi la kudhani mchanga ndio uliomaliza damu. Upungufu wa damu ulitangulia, mchanga ukafuata.

Na upungufu wa damu wenyewe si jina la mwisho, lazima uulize umetoka wapi. Viroboto wengi kwenye paka mdogo wanatosha kummaliza. Minyoo ya safura inanyonya damu utumboni. Figo zikichoka, ile homoni inayoamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu inapungua. Kuna virusi vya lukemia ya paka, na vile vya kuangusha kinga, ambavyo ni ndugu wa VVU ila havimpati binadamu. Kaniki alipimwa virusi vyote viwili, hana. Chake kilikuwa vijidudu vinavyoganda juu ya chembe nyekundu, vinaitwa maikoplazima, na viroboto ndio wanaoshukiwa zaidi kuvisambaza. Tena mwili wenyewe ukiona chembe imeshikwa na hao, unaiharibu chembe nzima pamoja na mgeni wake. Kwa hiyo anapigwa pande mbili.

Daktari alituambia ikishuka zaidi itabidi aongezewe damu ya paka mwingine. Nikajitolea kumleta shume wa jirani jioni ileile, akacheka. Kumbe paka wana makundi ya damu, A, B na AB, na tofauti na sisi, damu isiyoendana inaweza kumuua hata kama ni mara yake ya kwanza kuongezewa. Lazima wapimwe wote wawili. Bahati nzuri hatukufika huko. Alipewa doksisaiklini, dawa ya kuua hivyo vijidudu, kwa wiki nne, na predinisoloni ya kutuliza kinga kwa siku za mwanzo, pamoja na dawa ya viroboto kwake na kwa wenzake.

Hiyo doksisaiklini, wewe au yeyote atakayeandikiwa, msimpe paka kidonge kikavu mkaondoka. Kikinata kwenye koo la chakula kinaliunguza, na kovu lake linaweza kuziba njia. Mfuatishie maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au chakula laini papo hapo.

Wiki ya pili ya dawa niliingia bafuni asubuhi nikakuta mchanga umelala laini, una nyayo za kuingia na kutoka tu. Kipimo siku hiyo kilikuwa 21, bado hajafika, lakini hamu ilishakatika yenyewe. Limau lilikuwa bado lipo pembeni limekauka.

Kuna mdau hapo juu kasema, "kama anakula vizuri basi si mgonjwa." Mkuu, kwa heshima, hapo nakataa. Nilikuwa na dume mwingine, Mzee, miaka 13. Akaanza kula kama amefungulia: anamaliza chake, anamfuata Kaniki amalize cha Kaniki, usiku anatuamsha kwa kelele anataka tena. Nilijisifia kwa watu, uzee gani huu wenye hamu namna hii. Kumshika mgongoni nikahisi uti wa mgongo kama shanga. Alikuwa kilo 5.2 kwenye kadi yake ya chanjo, mizani ikasoma 3.9. Ilikuwa tezi ya thairoidi shingoni, imevimba na inamwaga homoni kupita kiasi, mwili unaungua kama injini isiyozimwa na moyo unalazimishwa kukimbia. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa paka waliovuka miaka kumi, na kipimo chake ni cha damu tu. Alimeza vidonge asubuhi na jioni mpaka mwisho wa maisha yake. Daktari alimpima figo pia, kabla ya dawa na baada, kwani ile kasi ya damu inaficha figo zilizochoka. Ukiituliza tezi ndipo unaona hali halisi.

Kula sana huku anakonda kunaweza pia kuwa kisukari. Hapo mtazame kwenye maji. Paka wa kilo nne akinywa zaidi ya mililita 400 kwa siku, hiyo imezidi mno, na kabla hajafika huko utaona mabonge ya mkojo kwenye mchanga yamekuwa makubwa. Pima kwa kikombe chenye alama: unachomwaga asubuhi, kinachobaki kesho.

Na yule anayekimbilia sahani, ananusa, anageuka, anarudi? Huyo mara nyingi ana njaa na mdomo unamuuma. Anadondosha punje, anatafuna upande mmoja, wengine wanaifokea sahani. Meno ya paka yanaweza kuliwa kuanzia kwenye mzizi na juu yakaonekana salama. Usiseme ameanza kuchagua chakula.

Mengine si ugonjwa. Kula majani kidogo ni kawaida yao, ilimradi si yungiyungi (lily), maana maua hayo yanaua figo za paka, hata unga wake akijilamba. Wapo wanaonyonya sufu na blanketi tangu utotoni, hasa ukoo wa Siamese. Tabia aliyokua nayo siiogopi kama tabia iliyoanza jana kwa paka mkubwa. Ila akimeza uzi, hilo ni la dharura hata awe mzima kiasi gani. Na ukiuona unaning'inia, mdomoni au nyuma, usiuvute, unaweza kumkata utumbo.

Turudi kwako. Leo, kwenye mwanga wa mchana, mnyanyue mdomo wa juu. Fizi ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole, iache, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kama ni za kijivu au nyeupe, au zina umanjano, nenda leo. Akilala fofofo hesabu pumzi zake dakika nzima, zisizidi 30. Akihema kwa mdomo usingoje kukuche. Jipime uzito ukiwa umembeba, kisha bila yeye, uandike tofauti. Mrekodi akila huo mchanga, video fupi inamsaidia daktari kuliko maelezo yetu marefu. Ukifika, omba picha kamili ya damu na kipimo cha virusi vile viwili, umwambie pia mara ya mwisho kumpa dawa ya minyoo na viroboto.

Mchanga wenyewe, kama ni ule unaogandamana ukilowa, uondoe, weka karatasi zilizochanwa. Huo ukilowa unavimba, na tumboni hivyohivyo. Lakini ujue hapo unalinda utumbo tu, hujamtibu kitu.

Vidonge vya kuongeza damu vya watu usimpe kwa kubahatisha. Parasetamoli ndiyo kabisa: hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua paka, na kinachoharibu ni hizohizo chembe nyekundu ambazo pengine tayari hana. Na akigoma kula kabisa, usimvizie njaa imrudishe, hasa kama ni mnene. Siku mbili tatu bila chakula zinatosha mafuta kuhamia kwenye ini na likagoma.

Hukusema paka wako ana rangi gani. Kama ni mweusi kama Kaniki, achana na fizi, mtazame ulimi akipiga mwayo, uje utuambie umeuonaje.