Kilo ngapi? Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza

Juzi nilipita chuoni kufuatilia transkripti. Ndiyo, bado naifuatilia, msinicheke, zamu yenu inakuja. Nje ya ukumbi nikamkuta binti wa mwaka wa kwanza kamng'ang'ania mwenzake mkono, anamsimulia baba alivyomtoa mama nje usiku pamoja na begi lake. Analia kwa kwikwi. Mwenzake kashika kikokotoo, kitambulisho shingoni, zimebaki dakika kama saba waingie kwenye testi. Macho yanaenda mlangoni, yanarudi kwa rafiki, yanaenda tena mlangoni. Nilitamani niwaamulie kama watoto wanaogombana.

Sikuwaamulia. Niliondoka nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia mimi, maana yule binti ni mimi kabisa, tofauti ni sketi tu. Basi nawaandikia, mnaotoka kwenye nyumba zenye mambo. Sisemi mnyamaze. Wazee wetu walishatunyamazisha vya kutosha na ile yao ya "mambo ya ndani hayatoki nje". Semeni. Ila namna mnavyosema, jamani!

1. Uliza kwanza. "Una nafasi?" Basi. Usimwage kabla ya testi, usimwage mwenzako akiwa na sufuria jikoni, na usimtumie mtu voisi ya dakika kumi na moja saa saba usiku. CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, aliwahi kuifungua moja ya namna hiyo ndani ya mwendokasi, spika imeachwa wazi, vidole vyenyewe vimebanwa na watu hawezi kuizima. Kutoka Kimara mpaka Manzese basi zima likasikiliza ndoa ya wazazi wa mtu. Mama mmoja mwenye kapu akauliza, "Kwani huyo baba hana kaka zake?" Swali zuri, lakini halikuwa lake.

2. Sema unataka nini. Mwenzangu wa deka ya chini, kitanda cha chini yangu, alikuwa anasoma sheria. Siku ya kwanza namwambia kwamba baba akilewa anampiga mama, alikaa kitako akanipa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Mimi nilitaka sikio, nikapewa kifungu. Nikanuna siku mbili. Kumbe kosa langu: hukumwambia mtu, atajuaje? Anza hivi: "Nisikilize tu, usinipe ushauri." Au: "Hapa nataka akili yako."

3. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likiingia, nyamaza siku tatu. Enzi zetu lilikuwa 8,500 kwa siku, siku sitini zikija kwa pamoja unapata 510,000, na kila mtu anajijua tajiri kwa wiki moja. Ukimsimulia rafiki siku hiyo kwamba mdogo wako karudishwa shule, wewe unasimulia, yeye anasikia unakopa.

4. Usimtishe mtu ili akuonee huruma. Hapa mnivumilie, nitachelewa kidogo.

Ilikuwa mwaka wa pili, wikiendi kabla ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Huyo huyo wa deka ya chini alikuwa kaenda kwao Mbagala kusomea kwenye utulivu. Saa mbili usiku baba akanipigia, kalewa, ananituma nimwambie mama arudi nyumbani. Kama vile mimi ndiye nimemficha chini ya godoro. Nilipokata simu nikaandika ujumbe. Naukumbuka neno kwa neno: "Nimechoka. Asante kwa yote. Usinitafute."

Nikautuma, nikazima simu. Wenzetu chumbani walikuwa wanapiga kelele, nikabeba shuka nikaenda kubanana kitandani na dada wa ghorofa ya juu. Nikalala. Wadogo zangu, nililala fofofo, kwa sababu mzigo nilikuwa nimeshautua, na sikujali umemwangukia nani.

Sikuwa na nia ya kujidhuru. Nitasema ukweli ambao ilinichukua miaka kuusema: nilitaka mtu ashtuke. Nilikuwa nimemsimulia ya baba mara nyingi mpaka akawa anaitikia "pole shoga" huku anapiga pasi, nikaona nimezoeleka. Nikatafuta maneno mazito zaidi.

Basi alishtuka. Akapiga simu yangu, haipatikani. Akampigia CR, CR akamwamsha mlinzi, wakaja chumbani, kitanda kitupu. Saa nane usiku binti wa watu kapanda boda kutoka Mbagala, elfu kumi na tano, hela yake yote iliyobaki, kandambili miguuni na khanga ya mama yake begani. Wakazunguka mabafuni, kwenye kamba za nguo, nyuma ya kantini, kule kwenye giza. Walikuwa wanamulika kwa tochi za simu vitu ambavyo sitaki kuvifikiria.

Saa kumi na moja alfajiri nikashuka ngazi na ndoo yangu, mswaki mdomoni. Yeye amekaa kwenye ngazi ya mwisho, mlinzi kasimama pembeni. Akanitazama. Akaniambia, "Umelala?"

Nikajibu, na povu la dawa mdomoni, "Ndiyo."

Hakunipiga, ingawa ningeelewa. Aliinuka, akaenda kulala kitandani kwake na khanga yake vilevile, akageukia ukutani. Jumatatu akaingia kwenye mtihani wa saa mbili, akapata sapu, yaani akafeli na kutakiwa kurudia mtihani. Wenzake wako fildi, kwenye mafunzo kwa vitendo, yeye anarudi kusomea karatasi moja. Hata siku moja hakunitajia kwamba ile sapu ni yangu. Ningependa angenitajia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sitanii. Kama kweli umefika mahali unafikiria kujidhuru, sema hivyohivyo, kwa maneno mepesi, kwa mtu aliye karibu, na simu uiache wazi. Hakuna atakayekulaumu, hata ikiwa saa nane usiku, hata ikiwa kesho ni UE. Kama hujafika huko, usiazime maneno ya waliofika.

5. Yapo ambayo shosti hayawezi, hata akikupenda vipi. Mtu anapigwa nyumbani, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Mdogo wako amebaki na huyo mtu, kuna 116, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Chuoni kuna ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambayo nilidhani kazi yake ni kugawa vyumba. Na usimwapishe rafiki asimwambie mtu. Ile "niapie kwanza" ni kumfunga mwenzako mikono halafu unamkabidhi mtoto mchanga.

6. Na yeye muulize kwao kukoje. Mimi nilimwaga miaka miwili, sikuuliza. Nilijua tu kwamba wikiendi anaenda Mbagala "kwenye utulivu". Tulishamaliza chuo siku aliponieleza huo utulivu ulikuwa ni nini: nyumba ambayo baba na mama hawajasemeshana tangu yeye yuko darasa la tano, chumvi inaombwa kupitia watoto. Alikuwa ananisikiliza mimi mwenye baba wa kelele huku akitoka kwenye nyumba ya kimya. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungeingilia wapi? Hukuwa unaweka nukta."

Tangu hapo tuna mtindo wetu. Mmoja akiwa na jambo anaandika, "Una nafasi?" Mwingine anauliza, "Kilo ngapi?", kama konda wa basi la mkoani anayekagua mizigo. Kilo mbili ni kulalamika tu. Kilo kumi, nipigie nikitoka kazini. Gunia, nakuja. Na unaruhusiwa kujibu kwamba leo buti limejaa, njoo kesho asubuhi, na hakuna wa kununa.

Jana usiku kaniandikia yeye, nami nikamuuliza kilo ngapi. "Moja tu, shoga, mama mwenye nyumba."

Lilikuwa gunia. Yule hajawahi kujua kupima.