Mhakiki Alitazama Sehemu Ngapi? Ushauri kwa Wapenzi wa Tamthilia

Kwa miaka mingi nilichagua tamthilia za kutazama kwa kufuata orodha za wahakiki wa Marekani na Uingereza, nikiamini kwamba mtu ambaye kazi yake ni kutazama runinga hawezi kunipoteza. Muda wangu ulikuwa wa saa mbili tu kila usiku baada ya watoto kulala, na bando lilikuwa la kuhesabu, kwa hiyo sikutaka kulimaliza kwa kitu ambacho ningekijutia asubuhi. Karibu kila orodha niliyoisoma ilikuwa na The Wire, tamthilia ya polisi na wauza dawa za kulevya wa mji wa Baltimore, Marekani, iliyorushwa na kituo cha HBO kuanzia 2002 hadi 2008, nami nikaianza kwa heshima kubwa. Nilitazama sehemu mbili, nikaiacha.

Nilijiona mjinga, na nadhani wengi wamewahi kujiona hivyo mbele ya kazi iliyosifiwa na kila mtu. Kilichonishinda kilikuwa lugha. Vijana wa mitaani wa Baltimore huzungumza kwa kukata maneno, polisi wao wana misamiati yao, na Kiingereza nilichokuwa nacho mimi kilikuwa cha darasani na cha barua za ofisini. Wahakiki niliowasoma walisifu jinsi mazungumzo yale yalivyo ya kweli, lakini hakuna aliyenionya kwamba ukweli huohuo ungeniacha nje, kwa sababu hawakuwa wakiniandikia mimi. Waliwaandikia wasomaji waliokulia ndani ya lugha ile. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kupokea hukumu ya mhakiki, najiuliza kwanza anazungumza na nani. Jambo linalomfurahisha msomaji wake wa New York linaweza kuwa ndilo litakalonichosha mimi, na asilolitaja kabisa kwa kuwa kwake ni la kawaida linaweza kuwa ndilo litakaloniteka.

Swali la pili ndilo lililobadilisha kabisa usomaji wangu: alikuwa ametazama sehemu ngapi alipoandika? Kwa desturi vituo huwatumia wahakiki sehemu chache za mwanzo kabla ya tamthilia kuanza kurushwa, na hukumu huandikwa kutokana na hizo. Ni sawa na kumhukumu mpishi kwa harufu ya kitunguu wakati wali bado haujatiwa chunguni. Tamthilia ya Star Trek, ya safari za angani, ilipoanza kuonyeshwa Septemba 1966, gazeti la Variety liliandika kwamba haitafaulu. Ilirushwa kwa misimu mitatu tu, lakini ulimwengu uliojengwa ndani yake unaendelea kuzaa filamu na tamthilia hadi leo. Parks and Recreation nayo, tamthilia ya vichekesho ya Marekani, ilianza 2009 kwa msimu mfupi wa sehemu sita, wahakiki wengi wakaipokea kwa ubaridi na kuiona kivuli cha The Office, tamthilia ya vichekesho iliyoitangulia. Msimu wa pili ulipotoka wengi wao walibadili kauli, na ikaendelea hadi 2015. Siwalaumu kwa kubadili kauli, kwa maana waandishi wa tamthilia walikuwa wameibadilisha kazi yenyewe. Aliyekosea ni msomaji aliyesoma maoni ya siku za mwanzo akayahifadhi kama hukumu ya mwisho. Nimefanya kosa hilo mara nyingi, na kuna tamthilia ambazo nimezikuta zikiwa na miaka kumi kwa sababu hiyo tu. Kwa upande mwingine, mwaka 2006 HBO iliwapa wahakiki sehemu zote 13 za msimu wa nne wa The Wire, ule unaohusu shule za Baltimore, na ukisoma yaliyoandikwa wakati ule utaona mtu anayezungumzia mwanzo huku akijua mwisho. Tahakiki za namna hiyo nazipa uzito mkubwa zaidi.

Kuhusu asilimia, nitasema kwa ufupi, maana zimewapotosha watu wengi ninaowafahamu. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa 1998, haipimi tamthilia ni nzuri kiasi gani. Inahesabu wahakiki walioipenda, hata kama walioipenda waliipenda kidogo tu. Wahakiki kumi wakiipa tamthilia alama 6 kati ya 10 kila mmoja, na tahakiki zao zote zikahesabiwa kuwa za kukubali, itaonyesha asilimia 100. Nyingine ikipewa alama 10 na wahakiki saba, kisha watatu waliobaki wakaipa alama 4, itaonyesha asilimia 70, ingawa wastani wake ni 8.2. Binafsi ningeichagua ya pili bila kusita, kwa sababu kazi inayowagawanya watu mara nyingi ina kitu ndani yake. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hufanya hesabu ya namna nyingine, kwa kutafuta wastani wa alama zenyewe na kuvipa baadhi ya vyombo uzito zaidi, lakini huko nako namba haikuambii sababu, na sababu ndiyo tunayoihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuhusu binti anayeitwa Doudou na mama wakwe zake. Watu waliipenda sana, kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kukaa nasi kwa ajili ya matibabu, na kila ilipoanza aliniita niketi naye. Niliketi kwa adabu tu, kwa kuwa kichwani nilikuwa nimejaza maoni ya wahakiki waliozoea kuziweka tamthilia za ndoa na jikoni katika fungu la vitu vya kupitishia muda. Siku moja nikathubutu kumwambia kwamba hadithi za aina ile hazina kina. Hakukasirika. Aliniuliza nimtajie kosa moja la mtu yeyote katika sehemu tuliyokuwa tumemaliza kuitazama, nami sikuweza, kwa sababu sikuwa nimetazama. Kisha yeye akanieleza nani alinyamaza pale alipopaswa kusema, na kwa nini ukimya ule ungekuja kuwagharimu baadaye. Ulikuwa uhakiki kamili, wenye ushahidi kutoka ndani ya kazi yenyewe, na maoni yangu yalikuwa ya kuazima.

Miaka michache baadaye nilisoma makala ya Emily Nussbaum wa jarida la The New Yorker, iliyotoka 2013, kuhusu tamthilia ya Sex and the City. Hoja yake ilikuwa kwamba kazi ile ilishushwa hadhi kwa sababu ilihusu wanawake, mapenzi na starehe, ilhali The Sopranos, inayohusu kiongozi wa genge la uhalifu, ya kituo hichohicho cha HBO na ya miaka ileile ilipandishwa hadi ikawa kipimo cha ubora. Nussbaum alipata tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, kwa uhakiki mwaka 2016. Nilipoimaliza makala ile nilimkumbuka Mama, yule mama mkwe wangu. Kwa hiyo mhakiki anapoidharau tamthilia kwa aina yake tu, kwa kusema ni ya kina mama, au ni ya kutiwa sauti, au ina sehemu nyingi mno, nakushauri uisome hukumu hiyo kama habari kumhusu yeye. Akikuonyesha tukio fulani na kukueleza kwa nini halikusimama, hapo msikilize hata kama unaipenda tamthilia hiyo kwa moyo wote.

Pia tafuta mhakiki mmoja au wawili na udumu nao, badala ya kurukia kila jina jipya. Si lazima mkubaliane. Kuna mmoja ninayemsoma ambaye hawezi kuvumilia tamthilia za mwendo wa polepole, na kwa kuwa nimemjua kwa miaka mingi, akilalamika kwamba hakuna kinachotokea katika sehemu tatu za mwanzo, mimi huiweka tamthilia hiyo katika orodha yangu ya wikendi. Malalamiko yake yamenifaa kuliko sifa za wengi.

The Wire niliirudia nikiwa na maandishi chini ya picha na bila tahakiki yoyote mkononi. Katika sehemu ya tatu, kijana D'Angelo anawakuta wenzake wawili, Bodie na Wallace, wakicheza drafti kwa kete za sataranji katika uwanja ule wenye kochi la rangi ya chungwa, naye anaanza kuwafundisha kazi ya kila kete. Bodie anataka kujua kama kete ndogo ikifika upande wa pili inashinda, na jibu analopewa ni kwamba kete ndogo hutolewa mapema. Mimi nilikulia mtaa ambao wanaume hucheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mwembe hadi magharibi, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji mtu wa Baltimore kunifafanulia chochote. Tamthilia hii, ambayo haikupata hata tuzo moja ya Emmy, tuzo kuu za televisheni Marekani, ndiyo iliyochaguliwa na wahakiki na wataalamu 206 kutoka nchi 43 katika kura ya BBC ya mwaka 2021 kuwa bora kuliko zote za karne hii. Ukiamua kuijaribu, washa maandishi, uache kusoma maoni ya mtu yeyote hadi upite ule ubao wa drafti, kisha rudi kwa wahakiki uone nani kati yao aliuona kama ulivyouona wewe.