Kwa nini Tanga, si Pangani

Mwanangu,

Salaam nyingi. Juzi ulinipigia kutoka Moshi ukaniuliza: ikiwa mto Pangani ni wa kwetu, mbona mji mkubwa ukawa Tanga, Pangani ikabaki hivi ilivyo? Nilikujibu mbio mbio kwamba ni reli. Usiku nikawa nageuka kitandani, maana lile ni nusu ya jibu.

Karne ya 19 Pangani ndiyo iliyokuwa bandari. Misafara ilishuka na bonde la mto kutoka Kilimanjaro na Umasaini, ikileta pembe za ndovu, na majahazi yakizipakia kwenda Unguja. Kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa na vinu vya sukari. Waliokata miwa ile ni watumwa. Watu wakisifia majumba ya kale ya mjini kwetu, usiache kulitaja hilo.

Sasa, mto ule ule uliotuletea biashara ndio uliotufungia mlango. Unashusha mchanga na kuumwaga pale unapokutana na bahari, ukafanya fungu. Jahazi husubiri maji yajae, likapita. Meli kubwa haiwezi. Tanga ina ghuba yenye kina, na Wajerumani walipoanza kujenga reli mwaka 1893, walianzia huko. Mwaka 1902 ilikuwa imefika Korogwe, kisha ikapanda na bonde letu hadi hapo Moshi ulipo. Njia ya misafara ni ile ile, mwanangu. Ncha yake tu ndiyo iliyohamishwa.

Na mkonge je? Nao ulianzia kwetu, mwaka huo huo wa 1893. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Lakini mkonge ukafuata reli: Muheza, Hale, Korogwe. Korona, ile mashine ya kukamua mkonge, nayo haifanyi kazi bila maji, kwani singa, yaani nyuzi zake, lazima zioshwe utomvu kabla ya kuanikwa. Babu yako alianika singa miaka mingi, mikono yake ikawa migumu kama gome.

Kisha ukaja umeme. Pale Hale mto unaporomoka, ndipo palipojengwa mtambo wa megawati 21 miaka ya 1960, na mwaka 1995 ukaongezwa mwingine wa megawati 68, chini kidogo ya hapo. Juu zaidi, mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na kabla haijafika hapo, Wachagga wamekwisha kuchepusha maji kwa mifongo, mifereji yao ya tangu enzi za mababu, na mashamba ya miwa ya Arusha Chini yamekwisha kunywa.

Siwalaumu. Nani atamnyima mwenzake maji ya mgomba? Ila kila anayeyagawa huhesabu megawati na ekari, na sisi wa mlangoni pa mto hatumo katika hesabu. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda ndani yake. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya chumvi hufika mbali, na minazi ya kando ya mto hufa. Ile sita ya bibi yako, uliyokuwa ukiokota vidaka chini yake, imebaki miwili.

Ukija Idi, basi likivuka daraja la Hale, chungulia dirishani uniambie maji yalikuwa kiasi gani.

Mama yako