Maswali yenu: jeni, mji wa mimba na saratani ya utando wake wa ndani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ndizo zinazoamua mji wa mimba uweje, na ndizo hizohizo zinazouletea saratani? Ninaposema utando wa ndani, nina maana ya lile tabaka linalojijenga na kumwagika kila mwezi. Saratani tunayoizungumzia huanzia hapo, wala si kwenye shingo ya kizazi.

Mtoto wa kike anaupataje mji wa mimba, na wa kiume anaukosaje?

Mwanzoni hawatofautiani. Kiinitete kikifika wiki ya sita hivi, kiwe cha kike au cha kiume, huanza kuota jozi ya mirija midogo iitwayo mirija ya Müller, kwa jina la Johannes Müller, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1830. Kwa wa kiume, korodani changa hutoa homoni inayoifanya mirija hiyo inywee na kutoweka. Kwa wa kike homoni hiyo haitoki kipindi hicho, basi mirija inaendelea kushuka hadi sehemu zake za chini zinakutana na kuungana. Ukuta ulio katikati huyeyuka, kikabaki chumba kimoja. Sehemu za juu haziungani kamwe, nazo ndizo mirija ya uzazi.

Sasa nani huiambia kila sehemu iwe nini? Ni jeni. Kuna ukoo wa jeni uitwao HOXA, na mpangilio wake kwenye kromosomu unafuata mpangilio wa viungo vyenyewe: HOXA9 kwa mirija ya uzazi, HOXA10 kwa mji wa mimba, HOXA11 kwa sehemu yake ya chini na shingo, HOXA13 kwa sehemu ya juu ya uke. Kila nikilitazama jambo hili nastaajabu upya.

Kwenye viungo vingi jeni za namna hii, kama mafundi, zikishamaliza ujenzi hulala. Mji wa mimba hauko hivyo. HOXA10 huamka tena kila mwezi baada ya yai kutoka, ikisukumwa na homoni ya projesteroni, ili kuandaa utando upokee mimba. Jeni za ukoo wa WNT, zilizosaidia kuunda mirija ile ya mwanzo, nazo hushiriki utando unapoota upya. Mwanamke hupitia mizunguko mia nne hivi maishani, na kila mara mamilioni ya seli yanagawanyika na kunakili DNA yake, yaani maandishi ya jeni. Shikeni hilo, kwa sababu majibu kadhaa yanayofuata yanalirudia.

Shikamoo. Nina miaka 17, sijapata hedhi. Ultrasaundi inaonyesha sina mji wa mimba. Mama analia, anasema labda ni dawa alizokunywa akiwa na ujauzito wangu.

Marahaba mwanangu. Mpe mama yako barua hii aisome. Hali hii inaitwa MRKH, nayo humpata takriban msichana mmoja kati ya 5,000. Mirija ya Müller haikukua inavyotakiwa katika wiki zile za mwanzo kabisa. Wachache hukutwa na hitilafu kwenye jeni kama HNF1B au WNT4. Walio wengi, hata wakipimwa, chanzo hakionekani. Mama hajakukosea kitu.

Ovari hazitokani na mirija ile, ndiyo maana matiti yako yameota na homoni zako zinafanya kazi. Jambo moja lisisahauliwe: figo zipimwe, kwa kuwa hukua sambamba na mirija hiyo na mara nyingine huathirika pamoja nayo. Kuhusu mtoto, mwaka 2014 huko Uswidi alizaliwa mtoto wa kwanza kutoka kwenye mji wa mimba uliopandikizwa, na mama yake alikuwa na hali kama yako. Ni tiba nzito na bado haipatikani kwa wengi, ila mlango umefunguka.

Mji wangu wa mimba una ukuta katikati. Ni dalili kwamba nitapata saratani?

Hapana. Ni muungano ambao haukukamilika, basi. Lakini ikitokea siku unachukuliwa kinyama cha utando kwa uchunguzi, mkumbushe daktari kuwa una vyumba viwili. Akichukua upande mmoja tu, ugonjwa ulio upande wa pili unaweza kumpita.

Mama alifariki kwa saratani ya mji wa mimba akiwa na miaka 47. Kaka yake, yaani mjomba wangu, alipata ya utumbo mpana akiwa na 44. Watu wanasema ni laana ya ukoo. Nifanye nini?

Dada yangu, si laana, na nimefurahi kwamba umeziweka saratani hizi mbili kwenye sentensi moja. Wengi huzitenganisha kwa kuwa moja ni ya kike na nyingine ni ya tumbo.

Mwaka 1895, huko Michigan, Marekani, fundi cherehani mmoja mwanamke alimweleza daktari Aldred Warthin kwamba anajua atakufa mapema, kwa saratani ya tumbo au ya viungo vya kike, kwa sababu ndivyo walivyokufa wengi wa kwao. Warthin hakumpuuza. Aliandika ukoo ule jina kwa jina na kuuchapisha mwaka 1913. Yule mama alikufa kwa saratani ya mji wa mimba, kama alivyosema. Hali yenyewe leo inaitwa sindromu ya Lynch, kwa jina la Henry Lynch, daktari aliyeendeleza kazi hiyo baadaye.

Seli inapogawanyika, inanakili herufi mabilioni za DNA, na makosa hayakosekani. Jeni nne, MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, hufanya kazi ya mhariri: hupitia nakala na kurekebisha. Anayezaliwa na Lynch amerithi nakala moja mbovu ya mojawapo. Ile nakala nzuri iliyobaki ikija kuharibika katika seli fulani, seli hiyo inabaki bila mhariri na makosa yanarundikana. Utando wa utumbo mpana na utando wa mji wa mimba zote hujifanya upya bila kuchoka, na hapo ndipo ukosefu wa mhariri unapoumiza zaidi. Marekani, wanawake 3 hivi kati ya 100 hupata saratani ya utando wa mji wa mimba maishani. Kwa mwenye hitilafu kwenye MLH1 au MSH2, idadi inaweza kufika 40 au zaidi. PMS2 ina hatari ndogo kuliko hizo.

Kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nusu kwa nusu ya kurithi. Baba pia huirithisha. Mwanamume asiye na mji wa mimba anaweza kuibeba kimya na kumpa binti yake, kwa hiyo ukihesabu ukoo usiishie upande wa mama.

Kwanza, uliza kama mjomba yupo hai au kama kipande cha uvimbe wake kimehifadhiwa maabara. Ni vizuri kuanza kupima aliyeugua, ndipo jeni ijulikane, halafu wewe upimwe hiyohiyo. Ukikutwa huna, unakuwa na hatari sawa na wanawake wengine. Ukikutwa nayo, utapimwa utumbo mpana kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, na ukishamaliza kuzaa mtazungumza na daktari kuhusu kutoa mji wa mimba na ovari kabla ugonjwa haujaja. Najua uzito wa maneno hayo kwa mtu aliyemzika mama. Lakini yule fundi cherehani aliijua hatari yake bila kuwa na lolote la kufanya, na wewe unalo.

Hedhi ilikoma miaka minne iliyopita. Juzi nimeona doa dogo la damu. Kipimo cha shingo ya kizazi mwaka jana kilikuwa safi, nasubiri nione.

Usisubiri, mama yangu. Kipimo kile kinaangalia shingo, na saratani hii iko ndani zaidi. Kati ya wanawake 10 wanaoigundua, 9 hivi walianza kwa kutokwa damu. Ukigeuza hesabu utapumua kidogo: kati ya 10 wanaotokwa damu baada ya hedhi kukoma, ni mmoja hivi anayekutwa na saratani. Utapigwa ultrasaundi kupima unene wa utando. Ukizidi milimita 4, au damu ikirudi hata kama utando ni mwembamba, kichukuliwe kinyama. Nenda wiki hii.

Kwetu hakuna aliyewahi kuugua, mbona mimi nimepata? Daktari ameutaja uzito wangu.

Kwa sababu saratani nyingi za utando huu hazirithiwi. Zinazorithiwa ni kama 5 kati ya 100. Zilizobaki hutokana na makosa yaliyoingia kwenye jeni za seli za utando wenyewe, hasa jeni iitwayo PTEN, breki ya ukuaji. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, na estrojeni isiyosawazishwa na projesteroni huusukuma utando ukue bila kupumzika. Hii ni kemia ya mwili, usiibebe kama aibu.

Dada yangu ametolewa mji wa mimba. Ripoti inasema seli ni za daraja la tatu, baya kabisa, na chini wameandika "POLE". Ndiyo mwisho?

Neno hilo si la kumpa pole mgonjwa. Ni jina la jeni, nayo pia huhusika na kunakili DNA. Mwaka 2013 watafiti walizigawa saratani hizi katika makundi manne kwa kuangalia jeni zake, na kundi la POLE ndilo lenye matokeo mazuri kuliko yote, hata pale seli zinapotisha chini ya darubini. Makosa yake ni mengi mno kiasi kwamba kinga ya mwili huitambua kwa urahisi. Kundi lenye hitilafu kwenye jeni iitwayo TP53 ndilo gumu zaidi. Tangu 2023 mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani hii unaihesabu POLE iliyogunduliwa mapema kuwa hatua ya chini, hata ikiwa ya daraja la tatu. Mwambie dada yako aipeleke ripoti hiyo kwa daktari wake kabla ya kuanza mionzi, na aulize kama anaihitaji kweli.