Kupasha Chakula Garini: Niliyojifunza Kati ya Tanga na Msata

Kila baada ya miezi miwili humpeleka mama yangu kliniki Dar es Salaam kutoka hapa Tanga, safari ya kilomita zipatazo 350 ambayo, kwa matuta na vibao vya 50 vya kila kijiji, hutuchukua saa sita hadi saba. Mama ana kisukari, kwa hiyo hawezi kula wakati wowote chakula kitakapopatikana, wala chipsi za stendi hazimfai. Huondoka nyumbani saa 11 alfajiri akiwa amekunywa chai, na ifikapo saa 4 asubuhi, ambapo kwa kawaida tunakuwa Msata, lazima awe na sahani ya moto mbele yake. Nimefanya makosa karibu yote yanayoweza kufanywa katika jambo hili, na ndiyo sababu naandika.

Kosa la kwanza lilikuwa la umeme. Nilinunua inveta dukani, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani, nikachomeka birika la umeme la nyumbani, na kabla hatujafika Muheza fyuzi ilikuwa imekatika. Tukasafiri hadi Dar bila hata pa kuchajia simu. Muuzaji alikuwa ameniambia kuwa kifaa kitafaa, nami sikupiga hesabu ambayo mtoto wa shule angeipiga. Tundu la kiwashio cha sigara la gari langu lina volti 12 na fyuzi ya ampea 15, yaani haliwezi kutoa zaidi ya wati 180. Birika lile lilikuwa la wati 1,500. Wapo watakaokushauri uweke fyuzi kubwa zaidi. Usiwasikilize, kwa maana fyuzi huwekwa ili ikatike yenyewe kabla nyaya hazijaungua, na ukiikuza unazigeuza nyaya kuwa fyuzi.

Sasa ninatumia kikasha cha kupashia chakula cha volti 12 chenye wati 45. Ni kifaa cha subira. Nusu kilo ya maharage yaliyopoa huhitaji, hata pasipo moto wowote kupotea njiani, karibu nusu saa ili yafike nyuzi 75, na kwa uhalisia huchukua saa nzima au zaidi. Nikichomeka Kabuku, chakula kinakuwa kimeshika moto tukikaribia daraja la Wami. Moto wake hutoka chini, kwa hiyo mchuzi na maharage hupata joto sawasawa, ilhali wali huungua kitakoni huku juu ukibaki baridi, isipokuwa uunyunyizie maji kidogo na kuugeuza katikati ya safari. Kugeuza huko ni kazi ya abiria, si ya dereva. Kikasha chenyewe nakifunga sakafuni nyuma ya kiti, kwa sababu tuta moja la ghafla pale Hale liliwahi kumwaga mchuzi, na laiti ungekuwa mapajani mwa mama, tungekwenda kliniki nyingine. Tena injini iwe inafanya kazi, au sivyo betri ndiyo inayolipa gharama.

Jirani yangu, dereva wa lori la saruji, aliniomba kikasha hicho kwa safari moja nami nikampa bila kufikiri. Malori makubwa yana volti 24. Volti zikiwa maradufu, kifaa cha namna hii hula wati mara nne, na kikasha kikarudi kikinuka plastiki iliyoungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kununua, na kabla ya kuazimisha.

Hata hivyo, kikasha ni msaada wa pili tu. Nilichokuja kukitegemea ni kutokuruhusu chakula kipoe tangu mwanzo. Ninatumia chupa ya mdomo mpana, ya chuma cha pua chenye kuta mbili. Kwanza naijaza maji yanayochemka na kuyaacha dakika kumi, kisha nayamwaga na kutia chakula kikiwa bado kinatokota jikoni, mpaka juu, kwani nafasi tupu ndani huiba joto. Naizungushia kanga mbili nzito na kuitia kikapuni. Siku moja nilipima kwa kipimajoto: kilichoingia na nyuzi 95 alfajiri kilikuwa na 68 saa 4.

Kipimo hicho si mapambo. Vijidudu vya chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na hotpoti iliyotiwa chakula cha uvuguvugu huwapa makazi mazuri kuliko meza ya jikoni. Nalijua hilo kwa wali wa nazi niliouacha upoe usiku na kuupakia asubuhi ukiwa na joto la kuridhisha mkono tu. Tulipofungua Msata ulikuwa umechacha. Nilitaka kuupasha upya, mama akakataa, naye alikuwa na haki: kuna kijidudu cha wali ambacho sumu yake haiondoki hata ukichemsha tena. Tangu hapo vyakula vya nazi havisafiri nasi, ingawa kumnyima Mtanga nazi ni jambo zito.

Kuhusu moto wa kweli, sina upole wowote. Jiko la gesi au la mkaa lisiwashwe ndani ya gari, hata mvua ikinyesha, hata vioo vikiwa wazi kidogo, na makaa yanayoonekana kufa yasibebwe kwenye buti. Hewa ya sumu itokanayo na moto huo haina harufu wala rangi, na mtu husinzia akidhani ni uchovu wa safari. Jirani yangu na utingo wake hupikia nje kando ya lori, mbali na tangi la mafuta, na mvua ikiwazidi wanakula mkate.

Zaidi ya hayo, ipo njia ambayo niliidharau kwa muda mrefu. Mama lishe wa Segera ana moto tangu alfajiri, na ukinunua chai mbili na kumwomba kwa adabu, atakupashia maharage yako hadi yachemke kwa dakika tano. Hakuna kifaa cha garini kinachomfikia.

Kinachobaki baada ya mlo hatukirudishi kwenye kikasha kupashwa mara ya pili. Mama hapendi kuona chakula kikimwagwa, na baada ya kunung'unikiwa safari nzima kutoka Msata hadi Bagamoyo, siku hizi napakia pawa mbili tu kwa kila mtu.